Kupima Mruko, Nguvu na Ustahimilivu: Mwongozo kwa Mtafiti wa Michezo

Mchezaji wa mpira wa wavu aliyeruka sentimita 31 mwanzoni mwa mazoezi na sentimita 34 wiki nane baadaye huenda ameongeza uwezo wa miguu yake, na huenda pia hajaongeza chochote. Sentimita hizo tatu zinaweza kutokana na mazoezi, lakini zinaweza vilevile kutokana na viatu vipya, usingizi mzuri wa jana yake, namna alivyokunja magoti wakati wa kutua, au jicho la mpimaji aliyesoma alama ya chaki kwa haraka. Kazi ya mtafiti ni kuyaondoa hayo mengine, moja baada ya jingine, kabla ya kuandika kwamba mazoezi yamefaulu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa vifaa ambavyo chuo au shule ya kawaida inaweza kuvipata: ukuta, chaki, utepe wa kupimia, mizani, simu yenye kamera, koni na, pale inapowezekana, dinamomita ya mkono, yaani kifaa kinachobanwa kwa kiganja ili kupima nguvu yake. Mfano nitakaoutumia ni wa kufikirika: wasichana 32 wanaocheza mpira wa wavu katika shule za sekondari, ambao 16 kati yao wanafanya mazoezi ya kuruka kwa wiki nane, na wengine 16 wanaendelea na mazoezi yao ya kawaida ili wawe kundi la kulinganishia.

Kabla ya siku ya vipimo

Andika kwanza swali la utafiti kwa sentensi moja, kwa sababu swali ndilo linaloteua kipimo. Anayetaka kujua kama mazoezi yanamwezesha mchezaji kuzuia mpira juu ya wavu anahitaji kupima mruko wa kwenda juu, na nguvu ya kiganja haitamwambia lolote kuhusu jambo hilo, hata kama dinamomita ndiyo kifaa pekee kilichomo kabatini.

Vibali huchukua muda, kwa hiyo vianze mapema. Nchini Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na tafiti zinazohusu afya hupitiwa kimaadili na NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, au kamati ya maadili ya taasisi husika. Nchini Kenya leseni hutolewa na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, baada ya kamati ya maadili iliyoidhinishwa kuukubali mpango wa utafiti. Msingi wa yote ni Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti unaohusisha binadamu, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, mara ya karibuni ikiwa mwaka 2024. Wasichana wetu wengi watakuwa chini ya miaka 18, na hilo lina maana kwamba mzazi au mlezi atatia saini ya ridhaa, na binti mwenyewe ataulizwa kwa lugha anayoielewa kama anakubali, akijua kwamba anaweza kujiondoa siku yoyote bila kupoteza nafasi yake kwenye timu. Sentensi hiyo ya mwisho isemwe na mtafiti, na isemwe mbele ya kocha, kwa sababu mwanafunzi hawezi kuamini kwamba yuko huru ikiwa kocha wake hajasikia.

Dodoso fupi la afya liulize kuhusu maumivu ya kifua, kuzimia wakati wa mazoezi, pumu, majeraha ya karibuni na selimundu. Katika nchi zetu swali la selimundu halipaswi kurukwa, kwa kuwa mbio za kujichosha hadi mwisho, hasa kwenye joto na bila maji ya kutosha, zinaweza kumweka mwenye ugonjwa huo katika hatari ya kweli. Anayejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo aonwe na daktari kwanza.

Kisha weka masharti yatakayobaki yaleyale katika kila awamu ya vipimo: saa ileile ya siku, uwanja uleule, viatu vilevile au miguu mitupu kwa wote, mpimaji yuleyule, muda uleule tangu mlo wa mwisho, na angalau siku moja bila mazoezi mazito kabla ya kupimwa. Saa ya siku si jambo dogo, kwani watu wengi huruka na kuvuta vizuri zaidi alasiri kuliko asubuhi na mapema. Kwa anayefanya kazi Zanzibar, Mombasa au Lamu, angalia kalenda ya Kiislamu kabla ya kupanga tarehe. Awamu ya kwanza ikifanyika Shaabani na ya pili katikati ya Ramadhani, tofauti utakayoiona itakuwa ya mazoezi na ya saumu kwa pamoja, na hutaweza kuzitenganisha.

Mpangilio wa siku ni huu: uzito na kimo kwanza, mahali pa faragha kwa sababu wasichana hawa hawastahili kutangaziwa kilo zao mbele ya wenzao, kisha kupasha mwili joto, kisha mruko, kisha nguvu, na mwisho kabisa ustahimilivu, ambao ni bora uwekewe siku yake. Ukianza na mbio, miguu iliyochoka itashusha mruko, na utakuwa umepima uchovu.

Mruko

Mwaka 1921 Dudley Allen Sargent, aliyekuwa ameongoza ukumbi wa mazoezi wa Chuo Kikuu cha Harvard kwa miaka mingi, alipendekeza kwamba mruko wa kwenda juu uwe kipimo cha uwezo wa mwili. Mruko wa ukutani unaofahamika mashuleni umetokana na wazo hilo. Mshiriki anasimama ubavu kwa ukuta, visigino chini, ananyoosha mkono na kuweka alama ya chaki. Kisha anaruka na kuweka alama ya pili kwenye kilele, na tofauti kati ya alama hizo ndiyo urefu wa mruko. Kosa kubwa hutokea kwenye alama ya kwanza. Mshiriki asiponyoosha bega lake lote, alama ya chini inakuwa chini kuliko inavyostahili na mruko unaonekana mrefu kwa sentimita kadhaa asizoziruka. Mpimaji asimame karibu, aone kwamba visigino vimegusa sakafu, amwambie mshiriki avute bega hadi mwisho, na arudie alama hiyo mara mbili.

Njia ya pili hupima muda ambao miguu iko hewani. Carmelo Bosco, mtafiti kutoka Italia, na wenzake walichapisha mwaka 1983 njia rahisi ya kukadiria uwezo wa misuli kwa kutumia muda wa angani wa miruko inayofuatana, na tangu hapo mikeka yenye swichi, inayohisi miguu inapoondoka na inapogusa tena, imeenea katika maabara za michezo. Hesabu yake ni nyepesi: chukua muda wa angani kwa sekunde, uuzidishe kwa wenyewe, uzidishe tena kwa 9.81, ambao ni mchapuko wa uvutano wa dunia, kisha ugawanye kwa 8. Muda wa sekunde 0.50 unatoa mita 0.307, yaani karibu sentimita 31. Muda wa sekunde 0.60 unatoa sentimita 44.

Simu inaweza kuchukua nafasi ya mkeka, mradi uijue kasi ya kamera yake. Video ya fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde haifai kwa kazi hii, kwa sababu kukosea fremu moja tu katika mruko wa nusu sekunde kunabadilisha jibu kwa takribani sentimita 4, ambazo ni nyingi kuliko mabadiliko tunayoyatafuta. Kwa fremu 240 kwa sekunde, kosa la fremu moja linashuka hadi karibu nusu sentimita. Weka simu kwenye kigoda au tofali, chini usawa wa miguu na mbele ya mshiriki, isishikwe kwa mkono. Tafuta fremu ya kwanza ambayo miguu yote miwili imeachana na sakafu na fremu ya kwanza ambayo mguu wowote umegusa tena. Toa namba ya fremu ya kuondoka kutoka namba ya fremu ya kutua, kisha ugawanye kwa 240.

Fomula hiyo inaamini jambo moja ambalo mwili haulitii wenyewe: kwamba mshiriki ametua katika umbo lilelile alilokuwa nalo alipoondoka. Anayekunja magoti angali hewani huchelewa kugusa sakafu, muda wa angani unarefuka, na hesabu inampa sentimita ambazo hakuziruka. Elekeza kwamba atue kwa ncha za miguu, magoti yakiwa yamenyooka, kisha ndipo ayakunje kupokea uzito. Mruko usiofuata maelekezo haya ufutwe papo hapo na urudiwe baada ya dakika moja, bila huruma na bila kumlaumu mshiriki.

Kuna mtego mwingine ambao nimeuona katika tasnifu zaidi ya moja. Kipimo cha ukuta huanza kuhesabu mshiriki akiwa amesimama visigino chini, ilhali kipimo cha muda wa angani huanza pale ncha za vidole zinapoachana na sakafu, wakati mwili tayari umekwisha kuinuliwa na vifundo vya miguu. Kwa hiyo mruko uleule wa mtu yuleyule hutoa tarakimu kubwa zaidi ukutani kuliko kwenye mkeka, na tofauti inaweza kuzidi sentimita 10. Usipime awamu ya kwanza kwa ukuta na ya pili kwa simu, wala usilinganishe wasichana wako na wachezaji wa nchi nyingine kabla ya kujua wale walipimwa kwa njia gani.

Amua pia aina ya mruko. Katika mruko wa kushuka na kupanda, mshiriki anaanza akiwa wima, anashuka haraka na kuruka bila kusita. Katika mruko wa kuchuchumaa, anashuka hadi magoti yakaribie pembe ya digrii 90, anatulia sekunde mbili au tatu, kisha anaruka bila kushuka tena hata kidogo. Wa kwanza kwa kawaida huwa mrefu zaidi, kwa kuwa misuli iliyonyooshwa kabla ya kujikunja hupata muda wa kujenga nguvu na kunufaika na mnyumbuko wa kano. Katika yote mawili mikono ikae kiunoni, isipokuwa kama swali lako linahusu mruko wa mchezo wenyewe. Kurusha mikono huongeza takribani sehemu moja ya kumi ya urefu au zaidi, na huongeza kwa kiasi tofauti kwa kila mtu, kulingana na ustadi wake. Adumu, mruko wa vijana wa Kimaasai, ni kitu cha tatu kabisa: miruko inayofuatana, magoti yakikunjwa kidogo tu na visigino visiguse chini, na anayetaka kuipima aina hiyo apime urefu wa mruko pamoja na muda wa kugusa ardhi, kisha agawanye wa kwanza kwa wa pili.

Toa miruko mitatu ya kujaribia, kisha mitatu ya kurekodi, kukiwa na mapumziko ya dakika moja kati ya mmoja na mwingine. Mimi napendelea wastani wa mitatu kuliko ule mrefu kuliko yote, kwa sababu wastani hauyumbishwi na bahati ya mruko mmoja. Lakini jambo la lazima ni kuamua kabla ya kuona data, na kuandika uamuzi huo katika mpango wa utafiti.

Kama uzito wa washiriki umebadilika, na kwa wasichana wanaokua utabadilika, urefu wa mruko peke yake hausemi yote, maana anayeruka sentimita zilezile akiwa na kilo mbili zaidi amefanya kazi kubwa zaidi. Fomula ya Sayers na wenzake ya mwaka 1999 hukadiria kilele cha mpawa, yaani kazi kwa sekunde, kwa wati: zidisha urefu wa mruko kwa sentimita na 60.7, zidisha uzito kwa kilo na 45.3, jumlisha, kisha utoe 2055. Kwa mruko wa sentimita 35 na kilo 60, jibu ni takribani wati 2,790. Ni makadirio, na yaitwe makadirio.

Nguvu

Kipimo kinachoheshimiwa zaidi ukumbini ni uzito mkubwa kuliko wote ambao mtu anaweza kuuinua mara moja kwa umbo sahihi. Mshiriki anaanza na uzito mwepesi, anaongezewa kidogo kidogo, anapumzika dakika tatu hadi tano kati ya majaribio mazito, na unalenga kufika kilele ndani ya majaribio matano, kwa sababu zaidi ya hapo utakuwa unapima uchovu. Eleza kwa maandishi nini kinahesabiwa kuwa uinuaji kamili: kwa mfano, katika kuchuchumaa na chuma mabegani, mapaja yafike usawa wa sakafu kabla ya kupanda. Bila mpaka huo, mshiriki atakayechuchumaa nusu katika awamu ya pili ataonekana shujaa.

Kwa wanafunzi wasiozoea vyuma, sishauri kufika kilele hicho. Mpe uzito anaoweza kuuinua kati ya mara tatu na kumi hadi aishiwe, kisha ukadirie. Fomula ya Epley huzidisha uzito huo kwa moja kujumlisha idadi ya marudio iliyogawanywa kwa 30. Fomula ya Brzycki huuzidisha kwa 36 na kugawanya kwa 37 ikitolewa marudio. Kilo 60 kwa marudio sita hutoa kilo 72 kwa ya kwanza na karibu kilo 70 kwa ya pili, kwa hiyo chagua moja na udumu nayo hadi mwisho. Zaidi ya yote, fanya vipindi viwili au vitatu vya kujifunza kabla ya kipimo cha kwanza, kwa maana ongezeko la wiki za mwanzo kwa mgeni wa vyuma hutokana kwa sehemu kubwa na mfumo wa neva kujifunza kuiamrisha misuli, wakati misuli yenyewe bado haijakua sana.

Dinamomita ya mkono ni rahisi kuitumia na ni rahisi pia kuiharibu. Mshiriki aketi, mkono wa juu ukaribie mbavu, kiwiko kikunjwe digrii 90, kifaa kisiegemee paja. Abane kwa sekunde tatu hadi tano, mara tatu kwa kila mkono, akipumzika dakika moja. Upana wa mshiko uandikwe na urudiwe. Kila mwanzo wa awamu, ning'iniza uzito unaojulikana kwenye kifaa uone kama kinasema kweli.

Ustahimilivu

Katika maabara, ustahimilivu hupimwa kwa kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika, mshiriki akikimbia kwenye mashine huku hewa anayoitoa ikichambuliwa. Uwanjani tunakadiria. Kenneth Cooper wa Jeshi la Anga la Marekani alichapisha mwaka 1968 mbio za dakika 12: pima umbali kwa mita, toa 504.9, gawanya kwa 44.73, upate mililita za oksijeni kwa kilo kwa dakika. Mita 2,400 zinatoa takribani 42. Udhaifu wake ni kwamba asiyejua kugawa kasi huanza kwa fujo na kumaliza akitembea, na mara ya pili huboresha tarakimu kwa kuwa tu amejifunza kujipimia mwendo.

Kwa sababu hiyo naona mbio za kwenda na kurudi za mita 20 zinafaa zaidi kwa wanafunzi. Luc Léger na wenzake wa Montreal walizianzisha mwaka 1982, na toleo la hatua za dakika moja, lililochapishwa mwaka 1988, huanza kwa kilomita 8.5 kwa saa na kuongeza nusu kilomita kwa saa kila dakika, kwa kufuata mlio. Mshiriki anatolewa anaposhindwa kufika mstarini mara mbili mfululizo. Pima mita 20 kwa utepe, kamwe usipime kwa hatua za miguu. Hakikisha rekodi ya mlio kwa saa: katika hatua ya kwanza nafasi kati ya mlio na mlio iwe karibu sekunde 8.5, na katika hatua ya kumi, ambapo kasi ni kilomita 13, iwe karibu sekunde 5.5. Zipo rekodi nyingine zinazoanza kwa kilomita 8 kisha zikaruka hadi 9, na anayezichanganya hupata hatua zisizolingana. Kwa watu wazima, makadirio ya Léger ni kasi ya hatua ya mwisho ikizidishwa kwa 6 kisha ikitolewa 24.4, kwa watoto na vijana ipo fomula nyingine inayoingiza umri. Katika ripoti, toa kwanza kasi ya mwisho na idadi ya mizunguko, kwa sababu hizo ndizo ulizozipima. Oksijeni umeikadiria tu.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari uandikwe daima. Mji wa Iten, Kenya, uko takribani mita 2,400 juu, ambako kanieneo ya hewa ni karibu robo tatu ya ile ya Tanga, na mwanafunzi wa pwani aliyepelekwa huko kupimwa atashuka bila kupoteza chochote cha mazoezi yake. Bengt Saltin na wenzake, waliochapisha mwaka 1995 ulinganisho wa wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia, walipima usawa wa bahari na nyanda za juu pia kwa sababu hiyohiyo. Na funzo jingine la kazi yao ni kwamba kiwango cha juu cha oksijeni hakitoshi kueleza ushindi, kwani Wakenya wale walitumia oksijeni kidogo kwa kasi ileile ya kukimbia.

Kosa la kipimo

Sasa turudi kwa sentimita tatu za mwanzo. Kabla ya utafiti wenyewe, chukua washiriki kama 15, uwapime mruko mara mbili, siku mbili au tatu zikiwa katikati na bila mazoezi yoyote mapya. Kwa kila mmoja toa kipimo cha kwanza kutoka cha pili, kisha utafute mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake. Tuseme ni sentimita 2.4. Ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha 2 unapata 1.7, ambalo ndilo kosa la kawaida la kipimo chako, likijumuisha mpimaji, kifaa na mwili unaobadilika siku hadi siku. Ukizidisha 2.4 kwa 1.96 unapata 4.7, mpaka ambao karibu 95 kati ya kila tofauti 100 zinazotokana na kosa la kipimo tu huangukia ndani yake: mchezaji mmoja anayetoka 31 hadi 34 yuko ndani ya mpaka huo, na huwezi kumwambia kwa uhakika kwamba ameongeza kitu.

Kundi lina habari tofauti. Wasichana 16 wakiongeza wastani wa sentimita 3, kosa la wastani huo ni 2.4 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani sentimita 0.6, na hapo ongezeko linaonekana wazi, mradi wenzao 16 wa kulinganishia hawakuongeza kiasi kama hicho kwa kukua tu au kwa kuzoea kipimo. Mpimaji asijue nani yuko kundi gani. Maneno ya kutia moyo yawe yaleyale kwa wote, yameandikwa kwenye karatasi na kusomwa kwa sauti ileile, kwa sababu kocha anayempigia kelele mchezaji wake kipenzi anaweza kumwongezea sentimita ambazo mazoezi hayakumpa.

Chapisha kosa lako la kipimo kwenye jedwali lilelile lenye matokeo, pamoja na kasi ya kamera, aina ya mruko, mahali mikono ilipokaa, hali ya hewa, mwinuko na saa. Video zote zihifadhiwe kwa namba za siri badala ya majina, zikiambatana na namba za fremu za kuondoka na kutua, ili mtafiti mwingine aweze kuzifungua na kuhesabu upya.